Kuhamia Lacock, fikiria kwanza

Dada uliyeuliza kama uhamie Lacock, kile kijiji cha Uingereza, kwa vile umepata kazi mji wa jirani wa Chippenham, mi nakwambia kijiji kizuri kweli ila usikurupuke. Nyumba nyingi pale ziko chini ya National Trust (shirika la hisani linalotunza majengo ya kale) tangu 1944 na wao ndo wanapangisha, ni majengo ya kale kwa hiyo hutoboi ukuta wala kufunga dishi kisa umejisikia tu. Halafu watalii, wanakuja kuona abasia (makao ya kale ya watawa) iliyoanzishwa 1232 na lile dirisha lake alilolipiga picha Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, 1835, usishangae mtu anachungulia sebuleni kwako 😂 Kazini ni kama kilomita 5 tu ila kama huna gari utakuwa mtu wa kusubiri basi. Nenda kapaone Januari, saa 11 jioni giza, matope kila kona, ukipapenda hivyohivyo basi panga.