"Slouch": mgongo uliolegea na makosa yake

Mtazame mwanabodaboda anayengoja abiria kwenye steji ya Kondele, Kisumu, saa nane mchana. Ameketi juu ya pikipiki, mabega yameshuka, mgongo umepinda, kidevu kinakaribia kifua. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha hali hiyo yote: "slouch". Kinafaa kwa aliyeketi, aliyesimama na hata anayetembea, mradi mwili umelegea. Akiinama kuokota ufunguo, hiyo si "slouch".

Matamshi kwanza. Walioizoea "touch" huponzwa na tahajia. Neno hili hufuata "couch": sema slauch, usichomeke i baada ya s wala kuimalizia na i. "Slouched" ni silabi moja, na mwishoni husikika t.

Kosa sugu katika insha linatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi husema amesimama, ameketi, amelala, kwa hali ambayo bado inaendelea. Basi mwanafunzi akiwaza "amejilegeza kitini", anaandika "He has slouched in the chair". Kiingereza hapo kinataka "He is slouching in the chair", vile vile ameketi huwa "he is sitting". Kosa lina mantiki yake, lakini alama zitakatwa tu.

Kwa kawaida kitenzi hiki hakichukui yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Mtu aliyeinua mabega hadi karibu na masikio kwa baridi ya alfajiri ya Nakuru anahitaji "hunch": "He hunched his shoulders". Aliyejiinamia juu ya dawati, "He is slouching over his desk". Aliyejiegemeza ukutani kilegevu, "against the wall". "Crouch" ni kuchuchumaa, isikuchanganye kwa sauti.

Halafu kuna adabu. "Slouch" hubeba lawama. Mama akimwambia mtoto "Don't slouch!", anamaanisha "Kaa wima!", na ndani yake mna "acha uvivu". Kwa hiyo usiitumie kwa mzee aliyepindwa mgongo na umri. Huyo "walks with a stoop".

Neno hili huwa nomino pia, na hapa ndipo watu hukasirika bure. Mwalimu akiandika "She is no slouch at maths", amemsifu binti yako: ni hodari wa hesabu. Wewe ukiinakili sentensi hiyo mahali pengine, chunga ile "no". Ikidondoka, umemwita goigoi.