Tuuze kiwanja cha Pongwe?

SWALI: Shikamoo Bi. Daktari. Dada yangu ana miaka 51, amekutwa na saratani ya ovari hatua ya tatu. Ameshapasuliwa, na dripu za kemo amepata tatu kati ya sita. Binamu yetu aliyeko Muscat katutumia video ya kliniki moja ya ng'ambo: wanachukua seli za kinga za mgonjwa, wanaziongeza, wanamrudishia, saratani kwisha. Wanataka dola 18,000, nusu itangulie. Wametuomba picha za vipimo kwa WhatsApp, basi. Tuna kiwanja Pongwe alichotuachia marehemu mama, aliyefariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 44. Mnunuzi yupo. Tuuze?
Mdogo mtu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnunuzi mwambie akatafute kwingine.

Hiyo video haikusema uongo mtupu, na ndiyo maana inanasa watu. Tiba ya namna hiyo ipo. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, zilizobadilishwa maabara ili ziitambue aina moja ya saratani ya damu inayowapata watoto. Mwaka 2024 wakaidhinisha nyingine ya melanoma, saratani ya ngozi: wanakata kipande cha uvimbe, wanatoa seli T zilizokwisha kupenya humo zenyewe, wanazikuza hadi mabilioni, kisha wanamrudishia mwenyewe. Na ovari nayo ilishaonyesha dalili njema. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichunguza uvimbe wa wagonjwa 186. Wale ambao seli T zilikuwa zimeingia ndani ya uvimbe, 38 katika kila 100 walifika miaka mitano. Ambao hazikuingia, hawakutimia hata watano.

Mbona basi dada hapewi? Saratani ya damu seli zinakutana nayo njiani, mle mle kwenye damu. Ya ovari inatambaa juu ya utando wa tumbo, inajizungushia tishu ngumu, na yale maji yanayojaa tumboni yamebeba kemikali za kuzilegeza seli za kinga. Zinafika zimechoka. Halafu kuna suala la alama iliyo juu ya seli ya saratani. Seli iliyobadilishwa ni kama mlinzi aliyepewa picha ya mwizi, na mesothelini, moja ya alama zinazojaribiwa kwa ovari, inapatikana pia kwenye utando wa mapafu na wa moyo wa mtu mwenye afya. Mlinzi akikosea anampiga mwenye nyumba. Kwa hiyo tiba ya seli kwa ovari bado iko kwenye majaribio.

Sasa hao wenye kliniki. Kipande cha uvimbe hawakuomba. Hizo seli zilizopenya uvimbe watazitoa wapi? Hawakuuliza uvimbe una alama gani. Ile tiba ya 2017 ilitangazwa kwa dola 475,000. Wao kwa 18,000 wanauza nini? Na katika jaribio la kweli, kwa kawaida mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa. Niliwahi kumpokea wodini mama mmoja aliyetoka safari kama hiyo. Alirudi na cheti kizuri chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na dripu mbili alizoziruka. Cheti alikiweka chini ya mto.

Dada amalize dripu zake sita. Kaboplatini na paklitakseli hazina video ya kupendeza, lakini ndizo zinazofanya kazi.

Lakini katika barua yako, mstari niliousoma mara mbili ni ule wa mama. Titi kwa mama akiwa na miaka 44, ovari kwa binti: hapo daktari yeyote anafikiria jeni za BRCA, ambazo hitilafu yake hurithiwa na huleta saratani ya titi na ya ovari. Muulizeni daktari wa dada kama anaweza kupimwa. Akiwa na hitilafu hiyo, baada ya kemo zipo dawa za vidonge, olaparibu mojawapo, zinazowafaa zaidi wagonjwa kama yeye. Na hitilafu hiyo haichagui mkubwa wala mdogo; nawe unaweza kuwa umeirithi. Mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1, mojawapo ya jeni hizo, anakabiliwa na hatari ya takriban 40 katika 100, au zaidi, ya kupata saratani ya ovari maishani. Wanawake wengine ni kama mmoja tu. Na usidanganywe kwamba kipimo cha mlango wa kizazi kinaonyesha ovari. Hakionyeshi.

Umri wako hukuniandikia. Niandikie, na useme kama umeshamaliza kuzaa, maana ushauri wangu kwako unategemea hayo.