Msuli na panya wapi na wapi?

Swali: Mhariri naomba msaada, msuli Wafaransa wanauita muscle, Wahispania músculo, Waitaliano muscolo, Wajerumani nao Muskel, hivi hawa waliibiana au?

Jibu: Hawajaibiana bwana, wamechota kisima kimoja tu, Kilatini, neno lenyewe musculus na maana yake, shika hapo, ni kipanya! Mus ni panya, hiyo -culus ya mwisho inakifanya kitu kiwe kidogo kama sisi tunavyoweka ki-. Hebu kunja mkono taratibu uangalie ule msuli wa juu unavyovimba na kuteleza chini ya ngozi, si kama kapanya kamejificha ndani ya shuka? Wagiriki wa kale nao mys yao ilikuwa panya na msuli hapohapo. Kijerumani ila si mtoto wa Kilatini kama hao wengine, kilikopa tu.