Kila muunganisho na strakti yake

Msomaji wa Wete ameniandikia kuhusu seva yake ya C inayopokea uzito wa karafuu kutoka kwenye mizani za vituoni. Mizani moja ikiwashwa, hesabu sawasawa. Zikiwashwa mbili, kilo za mkulima huyu zinaandikwa kwa yule. Ameshabadilisha waya na ruta. Waache mafundi wa waya wapumzike: juu ya faili lake ametangaza `static char bafa[512]`, yaani bafa moja kwa mizani zote, na kila kolibaki (fanksheni inayoitwa tukio likitokea) inaandika humo humo.

TCP haitunzi mipaka ya ujumbe. Mizani ikituma `KG=48.5\n`, kolibaki ya kusoma inaweza kupata `KG=4` kwanza, na `8.5\n` ikaja baadaye. Hapo katikati mzunguko wa matukio (kitanzi kinachosubiri soketi na kuita kolibaki) unaiita kolibaki ileile kwa ajili ya mizani ya pili, nayo inamwaga `KG=31` juu yake. Hakuna thredi mbili hapa, kwa hiyo kufunga mutex (kufuli la thredi) ni kupoteza muda.

Kila muunganisho uwe na strakti yake (fungu la vigeu vyake mwenyewe) tangu unapopokelewa; `fd` ni namba ya soketi, `jaa` ni baiti zilizokwisha kuingia kwenye bafa:

```c
struct mizani {
    int fd;
    size_t jaa;
    char bafa[512];
    struct event *soma, *taima;
};

struct mizani *m = calloc(1, sizeof *m);
m->fd = fd;
m->soma = event_new(base, fd,
        EV_READ | EV_PERSIST, kusoma, m);
event_add(m->soma, NULL);
```

Hiyo `m` ya mwisho ndiyo libevent (maktaba inayoendesha mzunguko wa matukio) itakayoirudisha kwenye `kusoma`, na taima nayo ipewe hiyo hiyo. Usipitishe `&m`, wala strakti iliyotangazwa ndani ya fanksheni bila `calloc`: fanksheni hurudi kabla kolibaki haijaitwa, na pointa inabaki kuelekea pasipo na kitu. Kwenye libuv, maktaba nyingine ya aina hiyo, pointa inakaa katika `handle->data`. Kwenye epoll tupu, ya Linux yenyewe bila maktaba, ni `ev.data.ptr`, na hapo wengi huteleza: `data` ni union, yaani sehemu zake zinatumia nafasi ileile ya memori, ukijaza `ptr` kisha `fd`, pointa imeharibika. Ndiyo maana `fd` imo ndani ya strakti.

Kazi nzito ni kuifuta. Kolibaki ya kusoma inapata baiti 0 (upande wa pili umefunga), inaita `free(m)`, inaridhika. Taima ya sekunde 60 bado imeshika `m`. Ikiamka, inaandika kwenye memori isiyo yake. Seva ikianguka papo hapo, una bahati. Mara nyingi haianguki, kwa sababu memori ile imeshapewa mizani nyingine, na kilo zinachanganyika upya. Basi kufunga kuwe na fanksheni moja tu: `event_free` kwa matukio yote mawili, halafu `close(m->fd)`, `free(m)` mwisho kabisa. Kolibaki ikishaiita, irudi papo hapo bila kuigusa `m` tena.

Kwa epoll, ikiwa tukio moja linaweza kufunga muunganisho mwingine, usiufute katikati ya safu iliyoletwa na `epoll_wait`, maana huenda tukio lake limo mbele humo humo. Utie alama, uufute baada ya safu yote kupitiwa. Kwa libuv, `uv_close` haimalizi kazi saa ileile: `free` iwe ndani ya kolibaki yake ya kufunga, na strakti yenye soketi na taima isubiri zote mbili.

Vitu vya wote kwa kweli, kama jumla ya kilo za siku, viwekwe kwenye `struct kituo`, na kila mizani ishike pointa yake. Kigeu cha faili zima, kama ile `static`, kisirudi kwa mlango wa nyuma.

Kompaili kwa `-g -fsanitize=address` (inayonasa makosa ya memori), kisha fungua terminali mbili (badilisha 7000 iwe poti yako):

```
(printf 'KG=4'; sleep 5; printf '8.5\n') | nc localhost 7000
```

Kwenye ya pili weka uzito mwingine, uianzishe kabla ya sekunde 5 kwisha. Zikipita salama, rudia na ukate moja kwa Ctrl-C katikati, uiache seva mpaka taima ipige. Ikitokea `heap-use-after-free`, yaani memori imetumiwa baada ya kufutwa, ripoti itakuonyesha mstari ulioigusa memori na mstari ulioifuta.