Nina marejesho na vibarua wananidai: nitoeje shukrani?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ziwa lilipofunguliwa baada ya ile miezi mitatu ya kupumzisha uvuvi, mzigo wangu wa kwanza umenipa mauzo ya shilingi 600,000. Nataka kumtolea Mungu shukrani, lakini kina mama wawili walionianikia sijawalipa, na nina marejesho ya kikoba. Nianze wapi, na nitoe kiasi gani?

Jibu: Amina, dada yangu. Anza na hao kina mama, tena leo. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua alipwe siku ile ile, jua lisitue kabla hajapata chake, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Ukiutia ujira wao kwenye bahasha, unatoa sadaka kwa mali ya mwenzio. Yesu aliwakemea waliotamka "Korbani" (yaani, mali hii ni wakfu kwa Mungu) ili wasiwatunze wazazi wao (Marko 7:11), na kosa ni lile lile.

Halafu piga hesabu. Hiyo 600,000 ni mauzo, siyo faida. Tuseme dagaa ulinunua kwa 420,000, usafiri na magunia 45,000, kuanika 30,000. Unabaki na 105,000, na fungu la kumi lake ni 10,500. Wengi huteleza hapa: Jumapili mtu anatoa 60,000 kwa furaha, Jumatano mtaji haufiki, anakopa, na kuanzia hapo kila bahasha anaiona mzigo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, wala si kwa asicho nacho (2 Wakorintho 8:12).

Rejesho la wiki hii lilipe kwa siku yake. Deni ambalo siku yake haijafika halikuzuii kushukuru.

Sasa shukrani yenyewe, ambayo Maandiko hayakuiwekea asilimia. Soma Walawi 7:12-15. Pamoja na mnyama wa sadaka ya shukrani, mtu alileta mikate isiyotiwa chachu na iliyotiwa chachu, na nyama ililiwa siku ile ile bila kubakizwa hadi asubuhi. Nyumba moja haiwezi kummaliza mnyama mzima kwa siku moja! Naamini ndiyo maana ya agizo hilo: mwenye kushukuru alilazimika kuita watu. Kwa hiyo usiimalize shukrani yako yote kwenye bahasha.

Ukipenda kutoa dagaa wenyewe kwa ajili ya mnada wa baada ya ibada, toa wa chanja. Walioanikwa chini hushika mchanga, na mlaji huusikia kwenye meno. Chukua konzi moja, wasugue kidogo kiganjani, kisha wamwage. Mchanga ukibaki kwenye mistari ya kiganja, hao warudishe nyumbani. Kuna wanaopeleka kanisani kile ambacho sokoni kimekataliwa, na Malaki 1:8 inawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali wao mnyama kipofu au kilema.

Debe moja zuri linatosha kwa mnada. Jingine lipike nyumbani kwa mawese, na ugali wa muhogo, siku hiyo hiyo. Wa kwanza kuwaalika wawe wale kina mama wawili.