Nyumba ya Njiro na mpangaji aliyeondoka

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: nyumba ikikaa sokoni zaidi ya mwaka bila kupata mnunuzi, tatizo ni soko, ni bei, au ni mwenye nyumba? Nimelisoma mara mbili, kwa sababu nyumba yetu ya Njiro, jijini Arusha, ilikaa sokoni tangu Machi 2017 hadi Septemba 2022, na katika miaka hiyo nililijibu swali lenu kwa namna tatu zilizotofautiana. Kwanza nililaumu soko, kisha nikawalaumu madalali, na mwishowe nikakubali jambo ambalo mke wangu alilisema mapema nami sikumsikiliza, kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena Arusha.

Wasomaji vijana huenda hawaukumbuki mji tuliokuwa nao. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda mnamo Novemba 1994, na mwaka uliofuata makao yake yakawekwa Arusha, katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Kwa miaka ishirini tuliishi na majaji, mawakili, wakalimani na wafasiri waliolipwa kwa dola, na ambao walitaka nyumba za namna moja: uzio mrefu, kibanda cha mlinzi, vyumba vyenye bafu ndani, bustani ya mbele na nyumba ndogo ya wafanyakazi uani. Sisi tuliokuwa na viwanja Njiro, Kijenge na Sakina tulijenga kwa kipimo chao. Nilinunua kiwanja mwaka 1998, nikaanza msingi 2001, nikawaaga mafundi 2004. Vilikuwa vyumba vitano, sebule mbili, jiko ambalo mtu angeweza kulifanyia sherehe, na milango ya mninga niliyoisubiri kwa seremala miezi minne. Mpangaji wetu wa kwanza, mfasiri wa mahakama, alilipa dola 900 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, akakaa miaka kumi. Kodi ile ndiyo iliyosomesha watoto wetu watatu, nami nitaishukuru nyumba ile hadi mwisho wa maisha yangu.

Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Chombo kilichobaki kumalizia kazi zake kina watu wachache mno kuliko wale wa awali. Mfasiri wetu alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla, na aliyemfuata hakupatikana kwa bei ile, wala kwa nusu yake. Tukahamia wenyewe. Tulipokuwa tumestaafu sote wawili tuliamua kurudi Marangu, mkoani Kilimanjaro, kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha wazazi wangu, na kuuza Njiro ili tupate fedha za kuishi na za matibabu. Mchagga anayesoma barua hii anajua kwa nini haikutupitia akilini kuuza kihamba badala ya nyumba. Kihamba ni cha ukoo, kina makaburi ya wazee na migomba yao, na hakina bei. Nilidhani nyumba ya mjini, ambayo tuliijenga kwa ajili ya biashara tangu siku ya kwanza, ingekuwa rahisi.

Bei niliipanga mezani kwangu, usiku mmoja, na daftari la ujenzi likiwa mbele yangu. Nilijumlisha saruji, nondo, mabati, mninga, vigae na ufundi, nikavigeuza kuwa bei za mwaka ule, nikaongeza thamani ya kiwanja, kisha nikaongeza kiasi fulani ambacho kwa kweli kilikuwa fidia ya usingizi nilioukosa. Jumla ilikuja shilingi milioni 380. Leo nikilifungua daftari lile naona kwamba katika hesabu ile yote hapakuwa na mnunuzi. Hakuna mahali nilipojiuliza ni nani mwenye milioni 380 mkononi, anazipata wapi, na kwa nini azilete kwangu.

Hili ndilo ningependa msomaji mwenye nyumba sokoni alitazame kwa utulivu. Kwetu nyumba hununuliwa kwa fedha taslimu. Tuna sheria ya mikopo ya nyumba tangu 2008, na kampuni ya kuzikopesha benki kwa ajili ya mikopo hiyo tangu 2010, lakini mikopo yote ya nyumba nchini haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Mtanzania wa kawaida hujenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, akipata tena anapaua, halafu anahamia kabla ya plasta. Kwa hiyo mtu aliyejaliwa milioni mia moja hana sababu ya kununua nyumba ya mwenzake yenye sebule mbili asizozihitaji; ananunua kiwanja Olasiti, Moshono au Muriet na kujenga anachokitaka mwenyewe. Na wale wageni ambao nyumba zetu zilikadiriwa kwa mahitaji yao, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Walikuwa wapangaji tu tangu mwanzo. Tulijenga kwa ajili ya watu ambao hata wangependa wasingeweza kutununulia.

Walibaki raia wenye fedha nyingi za mara moja, na Arusha hao walitoka hasa sehemu mbili, tanzanaiti na utalii. Nakumbuka miaka ambayo mtu alishuka kutoka Mererani, kwenye migodi ya tanzanaiti, na kununua nyumba ndani ya wiki moja bila kuuliza bei mara ya pili. Mwaka 2018, nyumba yetu ikiwa na mwaka mmoja sokoni, ukuta wa kilomita 24.5 ulizinduliwa kuzunguka migodi. Siulaumu, kwa maana madini yale ni ya nchi nzima, lakini fedha ile haikupita tena mitaani kwetu kama zamani, na kila mtu alikuwa anasema vyuma vimekaza, yaani fedha hazipatikani. Kisha mwezi Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini akatangazwa, tena hapa hapa Arusha, na magari ya watalii yakaegeshwa. Jirani yangu mmoja aliyekuwa na magari sita ya safari aliuza manne ili alipe mkopo. Huyo ndiye niliyekuwa nikimtarajia anunue nyumba yangu.

Kwa hiyo soko lilikuwa na sehemu yake, na sitaki kumwambia mtu anayehangaika kwamba ni kosa lake peke yake. Hata hivyo kuna uharibifu tulioufanya kwa mikono yetu, nao ulianzia getini.

Nilimpa kazi kila dalali aliyekuja. Niliamini kwamba wakiwa wengi wataleta wateja wengi. Kufikia mwaka wa pili ukuta wetu wa mbele ulikuwa na namba za simu za madalali watano, zilizoandikwa kwa rangi tofauti, moja juu ya nyingine. Jumamosi moja walikuja mume na mke wakiwa na dalali wao, watu wapole, wa umri wa watoto wangu. Yule mama alifungua bomba la jikoni akaacha maji yatiririke, akayanusa, akaniuliza kama ni ya kisima, maana wakazi wa mkoa wetu wanaijua shida ya floridi ya majini inayoharibu meno ya watoto. Nikamweleza ukweli kwamba tunayo ya kisima na ya bomba la mji pia. Alifurahi. Walipima chumba cha kulala kwa hatua za miguu, wakaongea kwa sauti ya chini karibu na dirisha, na mimi moyoni nikajua kwamba hawa wameipenda. Tulipofika barazani mume akasema, "Mzee, nyumba ni nzuri, ila milioni 420 hatuna." Nilikuwa nimekwisha kushuka hadi 340. Dalali alikuwa ameweka cha juu, yaani nyongeza yake mwenyewe, cha milioni themanini. Nikasema bei yangu pale pale, mbele yake, lakini imani ilikuwa imeondoka. Walinitazama kama mtu aliyekamatwa akisema uongo, wakaaga kwa adabu, hawakurudi.

Wiki ile nikagundua kwamba nyumba yetu ilikuwa inatangazwa kwa bei nne tofauti. Mnunuzi akiona nyumba moja ina bei nne, hafikirii kwamba madalali wana tamaa. Anafikiri kwamba nyumba ina kasoro, au ina mgogoro, au muuzaji ana shida na atashuka zaidi akisubiriwa. Nilifuta namba zote ukutani, nikabaki na dalali mmoja, tukaandikiana kwa mwanasheria kwamba bei ni moja, malipo yake ni asilimia 5, na cha juu hakuna. Naamini ningefanya hivyo siku ya kwanza tungeokoa miaka miwili.

Lakini hata hivyo haikuuzika. Ndipo tukarudi kwenye maneno ya mke wangu.

Alikuwa amesimama kwenye korido ndefu inayogawa nyumba, jioni moja ya mwaka 2021, akaweka kiganja chake ukutani na kusema, "Baba, hapa pajengwe ukuta." Alikuwa amekwisha kuona kila kitu. Upande wa mashariki ulikuwa na vyumba vitatu, sebule kubwa na jiko. Upande wa magharibi vyumba viwili, sebule ndogo, na stoo iliyopakana na bafu, ambayo ingeweza kuwa jiko kwa sababu bomba lilikuwa nyuma yake tu. Ile nyumba ndogo ya uani ilihitaji choo chake na rangi. Nilimpinga kwa siku kumi. Niliona kama tunaivunja heshima nyumba ile. Sasa najua kwamba niliyekuwa namlinda ni yule mfasiri, aliyekwisha kwenda kwao zamani.

Tulitumia shilingi milioni 11, ikiwa ni pamoja na mita mbili za umeme za nyongeza ili kila familia iwe na LUKU yake, jambo ambalo kwa wapangaji wa Arusha ni muhimu kuliko vigae. Ndani ya miezi miwili tulikuwa na wapangaji watatu: muuguzi na familia yake, kijana wa kampuni ya utalii iliyokuwa imeanza tena safari, na mwalimu. Kwa pamoja walilipa shilingi 950,000 kwa mwezi. Ilikuwa chini ya nusu ya kodi ya zamani, lakini ilikuwa inaingia.

Aliyenunua alikuja mwaka uliofuata, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Hakutazama milango ya mninga hata kidogo. Aliomba kuona mikataba ya wapangaji, akatoa simu, akapiga hesabu ya miaka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nazungumza na mtu ambaye nyumba ile ilikuwa na maana katika hesabu zake. Alitoa milioni 235. Mthamini aliyesajiliwa alikuwa ametupa makadirio yasiyopishana sana na hapo, nami nilikuwa nimeyaficha kabatini tangu mwaka uliotangulia kwa sababu yaliniuma. Tulikubaliana alipe asilimia 60 wakati wa kusaini na zilizobaki kwa awamu ndani ya miezi minane, hati ikikaa kwa wakili hadi shilingi ya mwisho. Wauzaji wengi hukataa awamu. Mimi nasema kwamba katika nchi ambayo benki haimkopeshi mnunuzi, muuzaji anayeweza kusubiri kwa ulinzi wa mkataba ana wateja ambao mwenzake hana.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Lipeni kodi ya pango la ardhi kila mwaka, kwa sababu malimbikizo hujitokeza siku mbaya kuliko zote. Ridhaa ya mwenza ipatikane kwa maandishi mapema. Mke wangu alisaini mbele ya wakili, na mnunuzi alitulia mara moja. Na tunzeni risiti. Wakati tunauza, mkazi alilipa kodi ya asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama zinazothibitika, na neno hilo "zinazothibitika" lilinigharimu. Saruji na mabati nilikuwa na risiti zake, lakini mchanga, mawe, kokoto na ufundi wa miaka mitatu vilikuwa kwenye daftari langu tu, kwa mwandiko wangu, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama zangu ikahesabiwa kuwa faida.

Je, niliuza kwa hasara? Nimejiuliza mara nyingi. Milioni 145 ni pengo kubwa kati ya nilichotaka na nilichopata, lakini ile 380 haikuwahi kuwa mikononi mwa mtu yeyote. Kilichopotea hasa ni muda: miaka mitano na nusu ya mlinzi, ya kupaka rangi upya, ya safari za Marangu na Njiro, na ya mke wangu kuahirisha matibabu ya goti akisubiri fedha zipatikane. Hilo la goti ndilo nisiloweza kulisamehe kirahisi.

Tulikabidhi funguo Septemba 2022. Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba mpya alinipigia simu, kwa upole, akaniambia kwamba madalali wa zamani bado wanaleta wateja getini kila wiki, na kwamba wapangaji wameanza kuogopa. Nilipanda basi kesho yake, nikatafuta namba zao zote kwenye simu yangu, nikampigia mmoja mmoja nikiwa nimekaa barazani pake. Nilipotoka, fundi rangi alikuwa ameshaanza kazi ukutani, kwa herufi nyekundu kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI.

Msomaji wenu,
Marangu