Marekani na mfumo wa mita: hasara iko kwenye kukaa katikati

Mleta mada anauliza Marekani ina haja gani ya kuacha inchi na paundi wakati imetajirika nazo. Mimi ni fundi mitambo, na mashine za Kimarekani nimezifungua na kuzifunga miaka mingi. Jibu langu: wahame, tena wahame kwa haraka.

Kwanza tusidhani hawajaanza. Sheria yao iliruhusu mfumo wa mita tangu 1866, na tangu 1959 inchi yenyewe hupimwa kwa milimita: 25.4 kamili. Inchi ni milimita iliyovaa koti la babu. Dawa zao ni miligramu, na magari yao mapya yamejaa bolti za milimita.

Tatizo ni huo mchanganyiko. Mashine moja unakuta injini ni milimita, fremu ni inchi. Spana ya 19 na ya robo tatu inchi unaweza kubadilisha bila wasiwasi, maana zimepishana milimita 0.05 tu. Ukishazoea hivyo unakutana na bolti yenye kichwa cha nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia lakini inacheza, na kama bolti imeshika kutu, pembe za kichwa zinalika. Nyuzi, ile mikato inayozunguka bolti, ndizo balaa zaidi. Bolti ya M8 (unene wa milimita 8) na ya 5/16 ya inchi kwa macho ni pacha, lakini nyuzi za M8 ya kawaida zimeachana milimita 1.25, na za 5/16 ya kawaida ni 18 kwa inchi, yaani karibu milimita 1.41. Ukiichanganya na tundu la mwenzake inaingia mizunguko michache, inakaza, mtu anaongeza nguvu, tundu limekwisha. Nimekarabati matundu mengi ya aina hiyo, na walioyaharibu mara nyingi ni mafundi wazuri tu waliokuwa na haraka.

Sheria ya Marekani ya 1975 iliacha suala la kuhamia mita liwe la hiari, na bodi ya kulisimamia ikavunjwa 1982. Kwenye hiari mwenye kiwanda cha bolti anamsubiri mwenye mashine, naye anamsubiri mwenye bolti. Australia walitunga sheria 1970, na Julai 1974 vibao vya barabarani nchi nzima vikabadilishwa ndani ya mwezi mmoja. Uingereza walianza 1965, na hadi leo petroli ni lita, barabara ni maili.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: kuhama kuna hatari. Kanada, mwaka 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ya kubadili lita kuwa uzito ilitumia namba ya paundi mahali pa kilo. Marubani waliishusha mjini Gimli injini zikiwa zimezimika, na hakuna aliyekufa. Kwangu hiyo ni sababu ya kufupisha kipindi cha mpito.

Ningeanza na michoro ya viwandani na bolti. Vibao vya maili vinaweza kusubiri, havijaharibu tundu la mtu. Mabomba ningeyaacha kabisa: bomba la chuma la "nusu inchi" lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, kwa hiyo hiyo nusu inchi ni jina tu, na hata nchi zenye mita zinaliita hivyo hivyo.